Njia mteremko, meza, mota au choo: uanzie wapi kwenye karakana ndogo?

Fedha niliyokuwa nayo ilitosha jambo moja kubwa au matatu madogo, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu mdomoni: jenga njia mteremko mlangoni. Rampu, kama mafundi wanavyoiita. Nikajenga. Nikakosea mara mbili, kwanza kwa kuijenga vibaya, pili kwa kuanza na hiyo. Kwa hiyo ninalinganisha hapa nilivyovijaribu na nilivyovikataa, kwa mwenye karakana, duka au ofisi ndogo anayetaka mzee wake aendelee na kazi, au anayetaka kuajiri mtu mwenye ulemavu na hajui aguse wapi kwanza.

Karakana yenyewe ni ya sare za shule, hapa Tanga, Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba. Tuko kumi na mmoja. Watatu ndio walionifanya nipime sakafu kwa futi badala ya viuno. Wa kwanza ni Babu, miaka 67, aliyeanza kushona na marehemu baba yangu. Macho na masikio yamechoka, mikono bado. Wa pili ni Bi Mkubwa wa vifungo na pindo, miaka 61, magoti yanamsumbua. Wa tatu ni mkataji wetu, kaka wa miaka arobaini na kitu aliyepata polio utotoni. Anakuja kutoka Makorora kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, na ndani anatembea kwa magongo, hatua chache tu.

Mlangoni: zege, mbao au chuma

Nyumba za Ngamiani mnazijua. Baraza mbele, mlango wa mbawa mbili, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, halafu ua, na choo mwisho wa ua. Baraza langu lina kimo cha sentimita 30 kutoka barabarani. Kanuni inayofuatwa nchi nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Kwa hiyo 30 inataka mita 3.6. Yangu ya kwanza ilikuwa mita moja, kwa sababu mbele ya baraza kuna mtaro wa maji, na fundi wa ujenzi aliniambia, "Itatosha tu, dada."

Mkataji aliijaribu siku moja. Gurudumu la mbele likanyanyuka, baiskeli ikataka kwenda chali, vijana wawili wakamdaka. Akashuka, akapanda baraza kwa magongo na mkono ukutani kama siku zote, akasema: "Hii itawafaa wenye maguta." Hakusema zaidi, na mimi sikulala vizuri.

Ya pili niliilaza sambamba na baraza badala ya kuielekeza barabarani. Hapo mita 3.6 zilipatikana, na juu yake nikaacha sehemu tambarare ya mita moja na nusu mbele ya mlango ili mwenye baiskeli au kiti cha magurudumu ageuke bila kurudi nyuma. Kando kuna ukingo mdogo wa zege ili gurudumu lisichomoke, na bomba la kushika. Jambo moja la kumsimamia fundi kwa macho yako: asipige niru. Sisi tunapenda sakafu inayong'aa, lakini masika ikinyesha, mteremko wa niru ni mtelezo wa kuvunjia mifupa. Saruji ikiwa bado mbichi, ipitishwe ufagio mgumu ibaki na mikwaruzo.

Zege ni la mwenye nyumba. Ukiwa mpangaji, unamjengea mtu nyumba yake, na akipandisha kodi unaiacha hapohapo. Mpangaji mwenye ngazi moja tu ya sentimita 15 afikirie mbao: mita 1.8, mbao mbili nene zilizofungwa pamoja na kupigiliwa vipande vya mpira wa tairi juu. Unaziweka asubuhi na kuzitoa jioni, na lazima uzitoe, kwa sababu mbao ikilala nje mjini hapa inaamkia jikoni kwa mtu. Ubaya wake ni kwamba mwenye kuihitaji anategemea mwingine aitoe. Siku aliyewahi kufika ni yeye, anasubiri nje.

Chuma sikukipenda. Mafundi wa kuchomelea wanakitengeneza haraka na kinabebeka kwa magurudumu, lakini hewa ya bahari inakila, jua la kaskazi linakichoma, na kila anayepita kinapiga kelele. Kwa Babu, ambaye masikio yake tayari hayachambui sauti, kelele moja ya ziada ni maneno mawili yaliyopotea.

Kulikuwa na njia ya nne, rahisi kuliko zote. Uchochoro wa pembeni ardhi yake imeinuka, na mlango wa uani una kimo cha sentimita 8 tu. Karibu mita moja ya zege ingemaliza kazi. Nilimuuliza mkataji. Akaniambia, "Dada, nikiwa wa kuingilia uani, wateja watanijua lini?" Angekuwa mtu wa stoo, sawa. Mkataji ndiye anayepima watoto na kujibizana na mama zao. Kama ungekuwa mlango wa kila mtu ningeuchagua bila kufikiri. Kwa mtu mmoja peke yake nimeukataa.

Na bomba la kushika, mwenye kulitumia kuliko wote ni Bi Mkubwa. Mwenye baiskeli hata haligusi.

Choo, ambacho ndicho ningeanza nacho

Saa nne asubuhi tunakunywa chai. Kuna vitumbua, kuna mihogo, siku nyingine bajia. Mkataji hakuwa akinywa. Hakunywa hata maji mpaka anapofunga kazi. Tukadhani anafunga sunna, na Jumatatu na Alhamisi tungeelewa, lakini Jumanne? Nikanyamaza, kwani ibada ya mtu haiulizwi. Mwishowe Babu ndiye aliyeniita pembeni: "Mwanangu, huyu hafungi. Anaogopa choo."

Ndivyo ilivyokuwa. Ngazi ya kushukia uani sentimita 12. Choo cha kuchuchumaa. Mlango unaofungukia ndani, mwembamba. Ndoo na kopo sakafuni. Mtu asiyeweza kuchuchumaa afanye nini humo? Alikuwa ameamua kukausha mwili wake saa nane kwa siku, katika joto la Tanga, miaka mitatu, huku mimi napanga rampu ya kuonekana barabarani.

Uchaguzi wa kwanza ni kuvunja na kuweka choo cha kukaa. Kinadumu, kimo chake kinaweza kuwekwa sentimita 45 hadi 50 ambacho ni kizuri kwa magoti mabovu na kwa anayehama kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Lakini choo chetu ni kimoja, na wenzangu wengi hawataki kukalia walipokaa wengine. Kuna habari ya najisi, kuna habari ya usafi, na kuwaambia wabadilike kwa amri yangu haikunipendeza. Ukiwa na nafasi ya vyoo viwili, weka kimoja cha kila namna na umalize mjadala.

Uchaguzi wa pili ni kiti chenye tundu kinachosimamishwa juu ya choo cha kuchuchumaa, kinatolewa asiyekitaka anapoingia. Hapa angalia kimetengenezwa na nini. Cha mbao kinanyonya maji na baada ya miezi michache kinanuka bila dawa. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, ambacho watu wengi hukimbilia kwa kuwa ni rahisi, kinafaa kwa mtu anayekaa wima na kusimama wima. Mwenye magongo huegemea upande mmoja anapokaa, na miguu ya plastiki hufunguka. Nilichagua fremu ya mabomba iliyochomelewa, yenye miguu minne mipana na vifuniko vya mpira chini, juu yake kalio la plastiki la choo cha kawaida. Mafundi walikimaliza siku moja.

Cha kushikia nacho kina mjadala wake. Mzee mmoja jirani alinishauri kamba ya mkonge itundikwe darini, "tuko Tanga, bibie, mkonge ndio wetu." Nikaitundika kwa heshima yake. Kamba inayumba, na anayenyanyuka anataka kitu kisichoyumba. Ikilowa inateleza, na haikauki sawasawa humo ndani. Bomba la galvanaizi lililozamishwa ukutani ndilo jibu, kando ya kiti, unene wa kujaa kiganja vizuri. Bomba jeusi lisilo na kinga ya kutu usilitie chooni hata kwa ofa.

Mambo matatu yaliyobaki hayakula fedha nyingi. Mlango tuliugeuza ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake mwenyewe ndio unaozuia msaada. Bomba la maji likasogezwa kando ya kiti, mkono wa kulia ukishikilia chuma, wa kushoto ufikie maji bila kuinama. Na ngazi ya uani ikapata mteremko wake wa mita moja na nusu hivi.

Bi Mkubwa alianza kukitumia kiti hicho wiki ileile, na Babu baada yake, bila mtu kutangaza.

Meza moja ndefu au mbili fupi

Meza ya kukatia ilikuwa moja, mita nne, kimo sentimita 92, cha mtu anayesimama. Mkataji alikuwa akikata ameegemea meza kwa kifua, magongo yamesimamishwa pembeni. Nikapendekeza kiti kirefu kama cha kaunta. Akakipanda mara mbili, akakataa: kupanda na kushuka kwa magongo ni hatari kuliko kuegemea, na akiwa juu miguu yake haina pa kukaa.

Kuipunguza meza yote mpaka 75 kungemfaa yeye akikaa, lakini kijana anayetandaza vitambaa angeinama siku nzima, na Babu naye hukata kola pale. Tungemponya mmoja mgongo tukawavunja wengine wawili. Njia ya katikati ilikuwa matofali chini ya miguu ya meza, kupandisha na kushusha. Inafaa kwa meza nyepesi ya ofisi. Meza ya kukatia ikiyumba, kitambaa kinakwenda upande.

Tukaikata. Mita mbili zikabaki kimo kilekile, mita mbili zikashushwa hadi 75 na chini yake pakaachwa wazi, bila ubao wala rafu, ili magoti yaingie. Tulichopoteza ni urefu wa kutandaza. Zamani tulitandaza kitambaa kirefu tabaka chache. Sasa tunatandaza kifupi tabaka nyingi, na mkasi wa umeme unahitaji mkono mtulivu zaidi. Kwa sketi na kaptula haina shida. Kwa anayeshona mapazia au majoho, ushauri wangu huu haumfai, abaki na meza ndefu na atafute kiti cha magurudumu chenye kimo kinachobadilika.

Cherehani: miguu, mkono au mota

Cherehani ya kukanyaga haikatiki umeme. Hilo peke yake limeiweka hai nchi nzima. Lakini inataka vifundo vya miguu vicheze mfululizo, na jioni Bi Mkubwa alikuwa akinyoosha miguu juu ya gunia la makatio. Ya kuzungusha kwa mkono inawafaa wasioweza kutumia miguu kabisa, ila mkono mmoja unashikwa na gurudumu na unabaki mmoja wa kuongoza kitambaa. Pindo iliyonyooka unaipata, mfuko wa suruali unausotea.

Mota ndogo inayofungwa kwenye cherehani ileile ya zamani ni nusu ya njia. Faida yake kubwa ni kwamba kikanyagio chake ni kidude kinachotembea na waya: kinakaa chini ya mguu wowote ulio mzima, na nimeona fundi anakiweka juu ya meza na kukiminya kwa kiwiko. Ubaya ni kwamba kinastuka. Ukikigusa kidogo hakiendi, ukiongeza kinaruka, na mkono wa mzee haupendi kurukiwa. Mkanda wa zamani usiutupe, umeme ukikatika unarudi kukanyaga.

Kwa cherehani za kiwandani swali ni mota ya klachi au ya sevo. Hapa sina wasiwasi. Ya klachi huunguruma muda wote ikiwashwa, hata usiposhona, na inakula umeme muda wote. Ya sevo huzunguka unapokanyaga tu, inanyamaza ukiacha, na ina kitufe cha kuweka kikomo cha mwendo. Kikomo hicho ndicho kilichomrudisha Babu kwenye suruali. Ukimya nao ukarudisha mazungumzo, maana mzee akipoteza masikio huanza na sauti nyembamba, s na f na sh, na ngurumo ya mota ndiyo inayozifunika kabisa. Tulikuwa tukidhani Babu amekuwa mkali. Alikuwa hatusikii.

Mwanga niuseme hapahapa kwa sababu watu hununua mota wakasahau balbu. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa 20, kwa sababu mboni inakuwa ndogo na lenzi inaingia umanjano. Sasa mpe uzi mweusi kwenye sketi ya bluu iliyokoza, chini ya taa moja ya darini iliyo nyuma ya kichwa chake, inayomtupia kivuli chake mwenyewe juu ya sindano. Taa kubwa zaidi darini inaongeza mng'ao kwa wote na kivuli kinabaki. Taa ndogo yenye sumaku inayoshikamana na shingo ya cherehani ina bei ya nauli chache za bajaji na inafanya kazi kuliko tubu mbili mpya. Ya Babu tuliiweka kushoto. Kile kiwaya chembamba cha kutungia uzi pia, kimoja kila cherehani, vimefungwa kwa utepe visipotee.

Mwenye ualbino mgeuzie ushauri huu: mwanga mwingi unamuumiza. Akae mbali na dirisha, taa iangalie kazi yake na isimwangalie yeye, na usimpange kwenye kazi za nje juani.

Malipo na saa, ambako hakuna cha kununua

Hapa ndipo nilipogombana na watu. Karakana nyingi hulipa kwa kipande. Kipande kina haki yake: kila mtu anakula jasho lake, na anayetaka kupumzika hapumziki kwa fedha ya mwenzake. Kwa mzee kina kisu ndani. Babu alikuwa akitoa suruali sita kwa siku, sasa nne. Zake hazirudishwi na mteja, lakini kipande hakihesabu zisizorudishwa. Kwa hiyo alikuwa hanyanyuki hata kunyoosha mgongo, na chakula cha mchana anakula mkono mmoja uko kwenye kitambaa.

Posho ya siku, sawa kwa wote, nayo niliijaribu mwezi mmoja. Vijana wakanung'unika, na sikuwalaumu; Desemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, mmoja wao anabeba kazi ya watu wawili.

Tulichokalia ni mchanganyiko: posho ndogo ya siku kwa kila mtu, kipande juu yake kwa bei iliyopungua kidogo, na kukagua kazi za wenzake ni kazi yenye malipo yake. Babu anakagua mifuko na zipu za wote na anafundisha wanaoanza. Nilikuwa na hofu, na bado ninayo, kwamba "kukagua" huwa ni jina la adabu la kumstaafisha mtu. Ndiyo maana cherehani yake haijahama wala hajapewa mtu mwingine.

Saa za kazi zinashindana hivi. Kumwacha mzee afanye saa zote na mapumziko marefu kunamfaa anayekaa karibu, anayeweza kwenda kulala nyumbani adhuhuri. Kumpa nusu siku kunamfaa anayetoka mbali. Babu alichagua mwenyewe: anafungua karakana baada ya sala ya alfajiri, anashona kukiwa na ubaridi na kimya, saa saba mchana anaondoka. Wakati wa kaskazi hilo ni jambo la afya pia, mwili wa mzee huchelewa kutoa jasho na huchelewa kuhisi kiu. Bi Mkubwa na mwenzake wamegawana cherehani moja, asubuhi na mchana, na mpango huo unakwenda vizuri miezi kumi ya mwaka. Ukifika msimu wa sare mpango unavunjika, nawahitaji wote wawili kutwa. Ninakodi cherehani ya ziada.

Kuna wanaosema kwa nini usimpelekee mtu kazi nyumbani. Mwenye ulemavu akikuomba mwenyewe, mpelekee, na umlipe bei ileile. Ukimpangia wewe ili usijenge choo, jua kwamba anayeshonea nyumbani husikia bei mpya wa mwisho, hulaumiwa kwa mshono wa mwingine, na mafunzo yakija hayumo.

"Sheria hainihusu, mimi ni mdogo"

Nusu ni kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwenye mia, ni watu watatu. Sisi kumi na mmoja hatumo. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu au umri, na hiyo haisubiri ufike ishirini. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kukataa marekebisho yanayowezekana, yasiyomlemea mwajiri kupita kiasi, kuwa ni ubaguzi wenyewe. Umri wa kustaafu wa miaka 60, na 55 kwa hiari, ni habari za watumishi na mafuko ya pensheni. Watu wanauleta hadi kwenye cherehani, wanamwambia Babu "wewe si umeshastaafu?" Amestaafu wapi?

Kuhusu fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri kama mimi hawezi kuichukua kwa ajili ya choo chake. Mkataji na wenzake wanaweza kuiomba kwa ajili ya mashine zao, na ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo ya kuanzia. Nimemwambia, ingawa najua akifanikiwa nitampoteza.

Kwa wenye kompyuta badala ya cherehani

Nipite haraka, si eneo langu. Kwa karani asiyeona, programu ya kusoma skrini ya NVDA ni ya bure na inatosha kazi nyingi za ofisi. JAWS, ya kazi hiyohiyo, ni ya kulipia. NVDA inasoma Kiswahili kwa sauti ya mashine yenye mafua, na wanaoizoea wanaiendesha kwa kasi ambayo wewe hushiki hata neno. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, nayo inasoma skrini na haihitaji kununuliwa. Kwa mzee anayeona kwa shida, kabla ya kununua skrini kubwa, kuza maandishi kwenye hiyo uliyonayo, na umpeleke akapimwe miwani.

Anayekuja Januari

Tumempokea binti kiziwi, atakuja kujifunza. Nilishaanza kulinganisha peke yangu: balbu ya kuwakawaka mlangoni mteja akiingia, au simu ya kutetema mfukoni, au mwenzake wa kumgusa bega. Safari hii nikajizuia, nikamuuliza alipokuja na mama yake. Aliandika kwenye simu yangu: "Nikae ninapouona mlango na uso wa anayenifundisha."

Basi tukageuza cherehani moja. Watu wawili, dakika tano. Babu alipofika alfajiri ya siku ya pili akakuta dirisha lake limezibwa na kichwa cha mashine ya jirani, na sasa tunapima tena tuone ya nani isogee.